Usidanganywe na Bati Jipya: Vidokezo 11 vya Kuikagua Sekondari ya Mwanao

Kila Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nyumba nyingi hugeuka mahakama. Mshitakiwa ni mmoja, kijana mwenye ziro, na mashitaka yanajulikana: simu, utoro, marafiki wabaya, uvivu. Shule haiitwi hata kutoa ushahidi.

Lakini ziro zikizidi, uvivu hautoshi kuzieleza. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata ziro. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na matokeo yenyewe yakafutwa, yakapangwa upya. Watoto wa nchi nzima hawawi wavivu kwa mkupuo. Wengi wao walitoka shule za kata, zilizoota kwa kasi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, kuanza mwaka 2004. Katika miaka michache Tanzania ilitoka kwenye sekondari elfu moja na ushee ikavuka elfu nne. Kuta zilikwenda mbio. Walimu, vitabu na vyoo vikabaki nyuma.

Vidokezo hivi ni vya mzazi au mlezi anayetaka kujua shule inamfanyia nini mwanawe, hasa ile ya kutwa, ya serikali, ambako ndiko watoto wetu wengi waliko. Vyote vinauliza jambo moja: hiki ninachokiona kinampa mtoto muda wa kujifunza, au kinamnyang'anya?

1. Hesabu vipindi, si madarasa

Mwaka wa masomo una siku 194, na kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Kwenye ratiba iliyobandikwa ofisi ya taaluma, mambo ni safi kabisa. Sasa chukua daftari la mwanao la Fizikia au Hisabati uangalie tarehe. Somo likiwa na vipindi vinne kwa wiki, halafu tarehe zinarukana kwa siku kumi kumi, umeshapata jibu bila kumsumbua mtu ofisini. Kama tarehe hazipo kabisa, hilo nalo ni jibu.

Vipindi huliwa na mambo mengi, na mengine yana heshima zake. Mwalimu wa somo ni mmoja kwa shule nzima. Kuna kikao. Kuna mgeni rasmi aliyetarajiwa saa tatu na atafika saa saba, na wanafunzi wamepangwa juani wakirudia ngonjera. Kuna kuchota maji, kufyeka, kupanga matofali. Kila moja ukilitazama peke yake unaliona dogo. Yajumlishe kwa mwezi ndipo utaelewa kwa nini silabasi haiishi.

Madarasa tunayahitaji, asije mtu akasema nayapuuza. Zile fedha za UVIKO-19, mkopo wa shilingi trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000, na 12,000 kati ya hayo yalikuwa ya sekondari. Yalipunguza msongamano. Ila darasa zuri lenye vigae ambalo halijaingiwa na mwalimu wa Hisabati wiki ya tatu sasa ni mahali pa kukaa tu.

2. Tembea njia anayotembea

Siku moja toka naye nyumbani alfajiri, kwa miguu, hadi getini. Neno "kata" linatudanganya: vijijini kata inaweza kuwa na vijiji vinne au vitano, na shule iko katika kimojawapo. Mtoto wa kilomita nane anatembea karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Anafika amechoka kabla ya kipindi cha kwanza, na jioni anafika nyumbani giza limeingia, maji ya kuchota yanamngoja. Huyo ukimwambia "jitahidi" unamtania.

Mjini tatizo ni konda. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, kwa hiyo asubuhi kwenye foleni ya daladala abiria wa nauli kamili hupanda kwanza, na mtoto wa sare hubaki kituoni akiangalia magari yakipita. Wazazi wa mtaa mmoja wakienda pamoja kituoni, hata kwa zamu, mambo hubadilika haraka kuliko barua tatu kwa afisa usafirishaji.

Halafu kuna geto. Nyumbani ni mbali, bweni hakuna, basi mtoto wa miaka kumi na minne anapangiwa chumba karibu na shule, anajipikia, anajilaza, anajiamsha. Mzazi hupeleka unga mwisho wa mwezi akadhani ameondoa tatizo la umbali. Kwa msichana, geto na lifti ya bodaboda ni hatari ambayo kila mwalimu wa malezi ataisimulia mkikaa naye dakika tano. Sheria ipo: tangu marekebisho ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Lakini hatua zote mbili huanza kazi mtoto ameshapoteza mwaka. Kama geto halikwepeki, tafuteni nyumba ya mama mtu mzima anayefahamika, wakae wasichana wanne watano chini ya macho yake, na wazazi mchangie chakula cha pamoja.

3. Ulizia sufuria

Mwanafunzi wa kutwa aliyekunywa chai ya rangi saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana anaambiwa aelewe logarithimu. Haelewi. Si kwamba hana akili, ana njaa.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni ilifutwa, huku serikali ikitoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawanya mwenyewe kwa siku 194: ni kama shilingi 130 kwa siku, na humo kuna chaki, karatasi za mitihani na mengineyo. Chakula hakimo. Wazazi wengi walisikia "bure" wakafunga mkoba, na jiko la shule likapoa.

Makande ya saa saba yanatoka kwa wazazi, hakuna njia nyingine. Shule zilizofanikiwa hapa hazikuanza na fedha taslimu. Mzazi hutoa debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na zile pesa kidogo zinabaki kwa kuni na mpishi. Sharti ni moja: hesabu zibandikwe ukutani. Watu hawagomei kuchanga, wanagomea kuchanga gizani.

4. Kaa dawati la mwisho

Kwenye siku ya wazazi, usikae ulikopangiwa kiti. Ingia darasani mwa mwanao, nenda nyuma kabisa, keti. Je, unausoma ubao? Rangi yake imefifia kiasi kwamba chaki inateleza? Dirisha linaangaza ubao hadi unametameta? Kiwango cha serikali ni wanafunzi 40 kwa darasa. Hesabu madawati uone yamefika mangapi.

Sasa inua macho. Bati tupu bila dari, kwenye joto la Januari la Lindi au Tanga, linaikaanga akili kuanzia saa tano. Mvua ikinyesha, mwalimu hupaza sauti dakika mbili kisha hunyamaza na kuandika. Dari ni gharama, kweli, lakini miti haina gharama kubwa, na shule iliyopanda miarobaini upande wa magharibi miaka sita iliyopita inavuna kivuli leo.

Na kabla hujasema mtoto hasikii darasani, mpeleke akapimwe macho. Wapo wanaokaa nyuma kwa sababu ya urefu wao, hawaoni kitu, wananakili kwa jirani, na makosa ya jirani yanakuwa yao.

5. Nenda chooni

Ndiyo, chooni. Miongozo inataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu. Angalia kama milango ina komeo kwa ndani na kama maji yapo, maana maji kwenye shule nyingi yanafika kwa vidumu ambavyo wanafunzi wamebeba vichwani.

Kwa msichana jambo hili ni la masomo moja kwa moja. Akibaki nyumbani siku tatu kila mwezi kwa sababu hana taulo za kike au hana pa kujistiri, miezi tisa ya masomo inampotezea siku 27 kati ya zile 194. Hakuna tuisheni ya kulifidia hilo. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Basi tusisubiri bajeti. Chumba kimoja chenye maji, ndoo yenye kifuniko na akiba ya taulo anayoitunza mwalimu wa kike ni jambo ambalo kikao kimoja cha wazazi kinaweza kulimaliza.

6. Sikiliza lugha ya darasani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo muda mwingi unapotea bila mtu kuona umepotea. Mwalimu yupo, wanafunzi wapo, chaki ipo, na bado hakuna kinachoingia.

Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa kozi ya Kiingereza ya wiki chache, halafu Baiolojia, Jiografia, Historia na Kemia zote zinageuka Kiingereza kwa pamoja. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Jackson Makweta, ilishapendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo halikutekelezwa. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Martha Qorro akiwa miongoni mwao, wameandika na kusema kwa miaka mingi kwamba wanafunzi hawaelewi lugha wanayofundishiwa. Msimamo wangu uko upande wao, lakini mtihani wa mwanao ni wa mwaka huu na umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tuongee ya mwaka huu.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Mwombe akufundishe alichosoma leo. Atakutiririshia fasili ya usanisinuru kwa Kiingereza bila kukosa hata herufi. Sasa mwambie: "Nieleze kwa Kiswahili, jani linafanya nini na mwanga wa jua?" Akiduwaa, ujue amekariri. Akikueleza kwa Kiswahili vizuri lakini Kiingereza kikamkwama, hali yake ni nafuu sana: somo analo, anadaiwa maneno tu, na maneno hununuliwa kwa kusoma. Hadithi fupi fupi za Kiingereza rahisi, kamusi moja ya Kiingereza na Kiswahili mezani, na kundi la diskasheni ambalo mada hueleweka kwanza kwa Kiswahili ndipo majibu yaandikwe kwa Kiingereza. Utaratibu huu haupendwi na kila mwalimu. Unafanya kazi.

Shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili uwanjani, muulize mkuu wa shule swali la upole: tangu mmeanza, wanafunzi wanaonyoosha mkono darasani wameongezeka au wamepungua? Kwa kawaida kibao hakifundishi Kiingereza. Kinafundisha kunyamaza.

7. Uliza kuhusu fimbo, na kuhusu wachelewaji

Kanuni za 2002 ziko wazi: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kwenye daftari la adhabu. Omba kuliona daftari hilo. Utashangaa shule ngapi zina fimbo kila ofisi na daftari hakuna.

Mwanafunzi anayeogopa kuchapwa kwa jibu la kosa hatajibu. Asipojibu mwalimu hajui alipokwama. Asipojua anaendelea na mada inayofuata. Mlolongo huo ndio unaotengeneza mtoto wa kidato cha nne asiyejua sehemu za kidato cha kwanza.

Na wachelewaji je? Shule nyingi humpa aliyechelewa dakika ishirini adhabu ya kufyeka nyasi vipindi viwili. Kosa lake ni kupoteza muda wa masomo, na adhabu ni kumpotezea muda zaidi! Ombeni adhabu ihamie saa za jioni, baada ya vipindi.

8. Mwalimu anaishi wapi?

Swali hili wazazi hawaliulizi. Mwalimu anayepanda bodaboda kilomita kumi na tano kutoka mjini hufika saa mbili na nusu na huangalia saa kuanzia saa nane. Mvua kubwa ikinyesha hafiki. Kijiji kilichompa mwalimu mpya chumba safi chenye umeme, na majirani wa kumsalimia, hupata vipindi vyake vyote, na jioni humwona akisahihisha madaftari barazani.

9. Vitabu na maabara: gusa vumbi

Kabati la vitabu likiwa limefungwa na ufunguo haujulikani uliko, vitabu hivyo havipo. Panapokosekana kitabu, nusu ya kipindi ni kunakili ubaoni. Kwa mwenye simu janja nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, vinasomwa bure. Simu hiyohiyo tunayoilaumu inaweza kuwa na kitabu cha Kemia.

Maabara nyingi za shule za kata zilizaliwa na agizo la Rais Kikwete la kila shule kuwa na maabara tatu, ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Majengo yalisimama kwa michango yetu, na baadhi yakakaa miaka bila vifaa, au yakageuzwa madarasa ya kawaida. Ingia, pitisha kidole juu ya meza. Mwanafunzi hatakiwi kuishika bureti mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo.

10. Soma matokeo kwa jicho la mhasibu

Hili ni kwa mzazi anayetaka kumhamisha mtoto kwenda shule ya kulipia. Tangazo linasema "hatuna daraja la nne, hatuna ziro." Swali la kwanza: waliingia wangapi?

Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake matokeo ya kila shule, ya upimaji wa kidato cha pili na ya mtihani wa kidato cha nne. Tafuta shule hiyo, andika idadi ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili, kisha ruka miaka miwili mbele uandike idadi ya waliofanya cha nne. Wakiwa 120 halafu wakawa 74, wale 46 wako wapi? Wengine wamehama kwa sababu za kawaida, wengine wamerudia darasa. Lakini shule zinazowaondoa wasiofikisha wastani hujulikana kwa pengo hili, linalojirudia mwaka baada ya mwaka. Hapo hununui ufundishaji, unanunua mchujo, na mwanao anaweza kuwa mmoja wa 46.

Ndiyo maana sikusikitika Baraza lilipoacha kutangaza shule kumi bora, kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023. Orodha ile iliweka kwenye ngazi moja shule inayochagua watoto kwa usaili, yenye bweni, jenereta na maktaba, na shule ya kata inayopokea kila anayepangiwa. Ukitaka kulinganisha, linganisha za aina moja: sekondari mbili za kata jirani, zenye wanafunzi wa familia zilezile. Ikiwa moja inafanya vizuri kuliko mwenzake kwa miaka mitatu mfululizo, panda baiskeli uende ukaone wanafanya nini. Mara nyingi utakuta mkuu wa shule anayezunguka madarasani kila asubuhi, na sufuria la makande.

11. Nenda kikaoni na ombi moja

Usiende kikao cha wazazi na malalamiko kumi. Mkuu wa shule ana ukaguzi, ana mtendaji wa kata, ana afisa elimu, ana mlinzi anayedai mshahara. Chagua jambo moja lenye kipimo: "Mwalimu, kidato cha tatu B hawajapata Hisabati tangu tarehe 4. Tufanyeje?" Kama jibu ni kwamba mwalimu hayupo, ulizeni itagharimu kiasi gani kumpata wa kujitolea hadi aajiriwe mwingine, na kila mzazi atalipa ngapi kwa mwezi. Kama ni kambi ya kidato cha nne kabla ya mtihani, ulizeni nani analala na watoto, taa zipo, na wasichana wanalala jengo lipi.

Hakikisha ombi limeandikwa kwenye muhtasari, likiwa na jina la atakayelifuatilia na tarehe. Bodi ya shule ina mwakilishi wa wazazi. Mjue kwa jina, uwe na namba yake. Kikao kijacho kikianza, kabla ya taarifa ya ujenzi, nyoosha mkono uombe muhtasari uliopita usomwe.